Hodi bila fulana wala kofia

Mmeuliza wiki hii kama kampeni ya nyumba kwa nyumba inabadili kura. Naamini inabadili, lakini kwa chama kidogo naona kuna swali linalotangulia hilo: hao wapiga hodi wachache kilicho nao, kiwatumie wapi?

Mwaka 2015 nilijitolea kukinadi chama cha ACT-Wazalendo huko Mbagala, Dar es Salaam. Chama kilikuwa kimepata usajili mwaka uliotangulia, kikabaki nje ya Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, kikamsimamisha Anna Mghwira, mwanamke pekee miongoni mwa wagombea wanane wa urais. Milangoni tuliambiwa tunagawa kura za mageuzi. Wengine waliuliza tumewaletea nini, kana kwamba Mahakama Kuu haikuifuta mwaka 2006 sheria ya takrima, iliyoruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura.

Nyumba moja sijaisahau. Fundi cherehani mmoja, mtu mzima, alituitikia shikamoo zetu bila kuinua mguu kwenye kanyagio, akamaliza kupinda suruali ya shule, ndipo akapokea kipeperushi. Alikisoma pande zote mbili kwa sauti, ili jirani yake aliyekuwa akichambua mchele kibarazani asikie. Alipofika kwenye Azimio la Tabora, ambalo chama kilisema linalihuisha lile la Arusha la mwaka 1967 lililotangaza ujamaa, alicheka kidogo, akasema la Arusha alilisikia redioni akiwa kijana. Dada niliyefuatana naye akaanza kufafanua. Mzee akamkatiza kwa upole: “Wanangu, maneno yenu mazuri. Wakala wenu kituo chetu ni nani?” Tukatazamana. Akaeleza, huku akitunga uzi kwenye sindano, kwamba aliwahi kuwa wakala, kwamba asiye na mtu ndani ya chumba cha kuhesabia anangoja kusoma karatasi iliyobandikwa nje, na kwamba yeye hampi kura mtu asiyekuja kuilinda. Alitukaribisha chai, tukanywa, tukaondoka bila kumjibu.

Nilianza kuandika nikikusudia kuitetea kazi ile, kwa kuwa mkutano wa hadhara haukupi mtu wa kukuuliza hivyo ana kwa ana. Hata hivyo hesabu inanikwaza. Mama Mghwira alishika nafasi ya tatu kwa kura 98,763, na nchi ilikuwa na vituo zaidi ya 60,000. Hazifiki kura mbili kwa kituo. Sisi tuliochakaza viatu mitaani tungeweza kuapishwa kuwa mawakala, ingawa nakiri kwamba wakala naye anahitaji nauli na chakula, na hodi haina gharama.

Kwa hiyo, kwa urais, nasema chama kidogo kiache hodi, kikusanye mawakala. Udiwani siuhesabu humo, wala jimbo ambalo mgombea anafahamika kwao, kama Kigoma Mjini, ambako Zitto Kabwe alikipatia chama kiti chake pekee cha jimbo mwaka huo. Huko wapige hodi hadi saa ya mwisho wa kampeni, mradi wawe na jina la wakala mfukoni.