Kichwa kinachomwamsha saa nane za usiku

Dada wa Wete, umesema mumeo huamshwa kila usiku saa nane na kichwa cha upande mmoja, jicho likitoka machozi, na majirani wanataka apungwe pepo. Kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa, anywe akipenda, lakini hospitali aende.

Hiyo saa isiyobadilika ndiyo inayonishtua. Kuna maumivu ya kichwa, kwa Kiingereza "cluster headache", yanayokamata nyuma ya jicho moja, robo saa hadi masaa matatu, pua ya upande huohuo ikaziba, na mgonjwa hatulii, huzunguka ua mzima. Mwenye kipandauso, yeye hutaka kulala gizani. Maumivu haya ya nyuma ya jicho yanahusishwa na sehemu ya ubongo inayoongoza saa ya mwili, ndiyo maana mara nyingi huja baada ya saa moja au mbili za usingizi. Panadoli huchelewa. Kinachotuliza ni oksijeni safi ya barakoa, lita 12 hadi 15 kwa dakika, au sindano ya dawa iitwayo sumatriptani.

Pombe sikuulizi, ila kama ipo, aiache kipindi hiki. Hata kidogo huyaamsha. Andika saa anazolala na anazoamka, mpige picha jicho likiwa jekundu, mmuoneshe daktari Chake Chake. Akilegea mkono au akianza kubabaika maneno, msingoje kukuche.