Mtaa ulipopendeza, wapangaji walihama

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba shirika lao dogo limepata ruzuku kubwa ya kwanza ya kufufua mtaa. Aliuliza waanze na taa za barabarani au uwanja wa watoto. Niliusoma ujumbe ule mara tatu, maana swali hilo niliwahi kulijibu, na nililijibu vibaya.

Katika mradi wetu wa kufufua mtaa tulianza na vitu vinavyoonekana: mitaro, taa, kuta za nyumba zilizochakaa, na bustani pale palipokuwa jalala. Baada ya miaka mitatu mtaa haukutambulika. Siku ya uzinduzi nililia kwa furaha, na bustani ile naionea fahari hadi leo.

Kisha wenye nyumba wakapandisha kodi. Nyumba zile tulizikarabati sisi, kwa fedha za wafadhili, bila kuwataka wasaini chochote. Mama mmoja mpangaji, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, ndiye aliyepita mlango kwa mlango kuwaita watu kwenye usafi. Alikuja ofisini kuniaga. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama miche itaendelea kumwagiliwa. Ripoti ya mwaka ule ilisema mradi umefanikiwa, na sahihi iliyopo ni yangu. Bado inaniuma.

Baada ya hapo nilitafuta waliofanya tofauti. Wakazi wa eneo la Dudley Street, mjini Boston nchini Marekani, walikuwa na viwanja vitupu vipatavyo 1,300, vingi vikiwa mabaki ya nyumba zilizoteketezwa kwa moto, huku watu wa nje wakija kumwaga taka. Katikati ya miaka ya 1980 ulipoanzishwa umoja wao, Dudley Street Neighborhood Initiative, walikataa bodi ambayo ingewapa viti vichache, wakadai wawe wengi. Mwaka 1988 jiji likawakubalia kutumia mamlaka ya kutwaa kwa fidia viwanja vilivyotelekezwa katikati ya eneo lao. Ardhi hiyo wakaiweka chini ya amana ya jamii, yaani chombo kinachomiliki ardhi kwa niaba ya wakazi. Anayenunua nyumba humiliki nyumba, lakini kiwanja hukikodi kwa mkataba wa miaka 99, na akiuza, bei ina kikomo. Kwa hiyo mtaa ukipendeza, thamani ya ardhi haiwi fimbo ya kumfukuzia aliyeupendezesha.

Ndugu yangu, shika ardhi kwanza. Najua mfadhili anataka picha za kabla na baada, na hati ya kiwanja haipendezi kwenye picha. Mweleze hivyo hivyo, na ubaki hapo hapo hata akikunja uso. Fedha zisipotosha kununua viwanja, usipake hata ukuta mmoja wa mwenye nyumba kabla hajasaini kwamba kodi haitapanda zaidi ya kiwango mlichokubaliana, kwa miaka mliyokubaliana. Wapangaji waingie kwenye bodi wakiwa wengi, wenye kura, wala wasiitwe siku ya uzinduzi kuja kupiga makofi. Na shika ardhi. Narudia kwa sababu mimi sikuambiwa.

Taa na uwanja vitasubiri. Pita mtaa mzima na daftari, uandike kila kiwanja ni cha nani na kila mpangaji analipa kiasi gani leo. Ukimaliza, niandikie tena.