Shamba la Nyuma ya Nyumba na Kiuno Changu

Ukishika jembe ukitarajia likuondolee kitambi, utachoka kabla hujakonda. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia nimepungua tangu nianze kulima mboga, hudhani siri ni jasho. Jasho lipo. Naishi Nyamasaria, pembeni mwa Kisumu, kunakoanzia tambarare za Kano. Udongo wetu mweusi mvua ikinyesha huganda kwenye jembe na gambuti, jua likiwaka hupasuka na kuwa mgumu kama tofali. Saa moja ya kulima hapa inaweza kuchoma kalori 300 hadi 400. Lakini chapati mbili na kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari huzirudisha zote, pengine na nyongeza.

Kilichonipunguza ni sahani. Nilipokuwa nikinunua kwa mama mboga, kifungu kimoja cha sukuma wiki kiliteremsha ugali wa watu watano. Mboga zikiwa hatua chache kutoka jikoni, unachuma beseni zima bila kufikiria mfuko. Sasa mboga hujaa nusu ya sahani yangu, ugali ni kipande kidogo, na omena wako kando. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Pima siku moja uone ni nyingi kiasi gani. Kwa kununua vifungu, nyumba ya watoto wanne itafika huko kwa gharama gani?

Halafu kuna mafuta. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, na wengi wetu humimina tu kutoka chupani. Hapa ndipo mboga za kienyeji zinapoishinda sukuma ya kukaanga. Mama mkwe wangu, mtu wa Kakamega, hupika saga na managu bila tone la mafuta: huchemsha, humwaga maji, hutia maziwa na kuzilaza chunguni hadi kesho. "Mwanangu, mboga haitaki haraka," huniambia. Mimi huchemsha kwa maji machache nisiyamwage, maana uchungu hauondoki peke yake, vitamini nazo huenda. Tumebishana, kila mmoja akabaki na sufuria yake. Ila kwa joto la Kisumu, mboga yenye maziwa usiilaze mezani. Iweke kwenye friji, au pika ya kuisha siku hiyo hiyo.

Wanaosema hiki ni chakula cha shida wamechelewa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT, chuo kikuu cha kilimo na teknolojia cha Jomo Kenyatta, ametumia miaka mingi kuzitafiti mboga hizi, na leo managu yapo hadi supamaketi.

Anza na kunde na mchicha. Ndani ya wiki tatu au nne unachuma, na mtu anayetaka kupungua anahitaji kuona kitu upesi, la sivyo atarudi kwenye mandazi. Mbegu za saga ni ndogo mno: zichanganye na mchanga mkavu, uzimwage kwenye mifereji mifupi, uzifunike kidogo tu. Ikianza kutoa maua, yakate, majani yaendelee. Mrenda ndio wenye kiburi, mbegu zake hukataa kuota. Zifunge kwenye kitambaa, zitumbukize kwenye maji yaliyochemka kwa sekunde 10 hivi, kisha uzipoze kwa maji baridi kabla ya kupanda.

Huku Kano inua matuta, maana maji yakituama mizizi huoza. Anayekaa nyumba ya kupanga atumie gunia: udongo na samadi, mhimili wa kokoto katikati wa kupitisha maji, na miche ubavuni.

Faida nyingine sikuitarajia. Saa kumi na moja jioni, wakati karai la mandazi linapochemka barabarani, mimi huwa nimeinama napalilia na mikono imejaa matope. Hamu hupita. Dakika 30 za kazi hiyo, siku tano kwa wiki, zinatimiza zile dakika 150 za mazoezi ya wastani anazoshauriwa mtu mzima.

Kama unameza dawa za presha au sukari, mjulishe daktari unapoanza kupungua, kwa kuwa dozi huenda ikahitaji kubadilishwa. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze mboga za majani ghafla kabla ya kuzungumza naye, kwa sababu vitamini K iliyomo huipunguza nguvu dawa hiyo.

Kwa mvua za Machi, matuta yawe tayari Februari. Samadi ya kuku iache ioze kabisa kwanza. Ikiwa mbichi huunguza miche.