Panna cotta ya watu wanane kwenye joto la kaskazi: usiongeze jelatini

Dada, umesema wageni wako ni wanane, wanakuja Jumamosi jioni, oveni huna, na panna cotta (kitindamlo cha Kiitalia cha krimu iliyogandishwa kwa jelatini) uliyoijaribu ilibaki maji kuanzia chini ya bilauri ingawa ililala friji usiku kucha. Ukataja pia kwamba ulitandaza vipande vya papai chini kabla ya kumimina. Sasa unauliza uongeze jelatini kiasi gani. Usiongeze hata chembe. Kilichokuponza ni papai.

Papai lina kimeng'enya kinachokata protini. Ndicho hichohicho tunachokitegemea tunapopaka nyama ya mishkaki papai bichi ili ilainike. Jelatini nayo ni protini, kwa hiyo ikikutana na papai hukatwakatwa na haigandi, hata ukiweka pakiti nzima. Nanasi bichi hufanya vivyo hivyo. Ukilipika nanasi likachemka dakika chache, kimeng'enya kinakufa na unaweza kulitumia bila wasiwasi. Papai mimi ningeliacha kabisa, maana likipikwa halina ladha ya maana.

Tiramisu, kile kitindamlo kingine cha Kiitalia ulichokiulizia mwishoni, iache kwa siku nyingine. Inataka jibini la mascarpone, biskuti za savoiardi na mayai mabichi, na mayai mabichi mezani kwenye joto la Februari hapa Tanga si jambo la kuwafanyia wageni. Panna cotta ndiyo inayotufaa. Ni chakula cha Piemonte, kaskazini ya Italia, na jina lake maana yake ni krimu iliyopikwa. Vitu vyake vinne vinapatikana mjini: krimu, maziwa, sukari, jelatini.

Vipimo vya bilauri nane ndogo za kama mililita 120: krimu nzito mililita 500, maziwa mililita 400, sukari vijiko 6 vya chakula (kama gramu 75), jelatini ya unga vijiko 3 vya chai, maji baridi vijiko 4 vya chakula, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kijiko cha jelatini kipanguse juu kwa kisu kiwe sawa. Hapo ni kama gramu 3. Kijiko cha kilima huweza kukaribia mara mbili yake, na hapo ndipo watu wanapopata mpira badala ya kitindamlo. Kama unataka kuipindua kwenye sahani isimame, weka vijiko 4. Ya kulia kwenye bilauri haihitaji zaidi ya 3, na kwangu hiyo ndiyo tamu, kwa sababu hutetema ukiigusa na huyeyuka mdomoni.

Krimu angalia pakiti iwe ya maziwa, mafuta asilimia 30 na kuendelea. Ile ya mimea ya kupambia keki usiitumie. Imeshatiwa sukari na huacha utando wa mafuta kwenye kaakaa. Krimu ya kopo ambayo ni nyepesi kidogo inakubali, ila punguza maziwa yawe mililita 300 na uongeze krimu mililita 100. Maziwa mabichi ya kupimiwa yachemshe kwanza, yapoe, uyachuje malai, ndipo upime. Malai yakibaki utayakuta kama vinyuzi ulimini.

Jelatini soma ilikotoka. Nyingi duniani ni ya nguruwe, na kwa wageni wa hapa kwetu lazima uwe na hakika: tafuta iliyoandikwa ya ng'ombe na yenye alama ya halali. Kama pakiti haisemi, usiibahatishe.

Anza Ijumaa usiku. Maji baridi yatie kwenye bakuli pana, unyunyize jelatini juu yake kidogo kidogo, isirundikane sehemu moja. Iache dakika 10 inywe maji hadi iwe kama sponji. Ukifanya kinyume, yaani ukaimwaga kavu kwenye maziwa ya moto, kila chembe hujifunga kwa nje ndani ikabaki kavu, na madonge hayo hayavunjiki tena.

Wakati huo weka maziwa, krimu, sukari na chumvi kwenye sufuria, moto mdogo. Tia na iliki maganda 5 uliyoyapasua. Iliki za Amani, kule milima ya Usambara, zina harufu kali, tano zinatosha. Koroga mpaka sukari iyeyuke na mvuke uanze kupanda, vipovu vidogo vikizunguka pembeni. Hapo epua. Usisubiri ifoke. Jelatini haitaki mchemko, na ikichemka kwa muda nguvu yake hupungua. Tia ile sponji, koroga taratibu dakika 2 nzima, kisha chota kidogo kwa nyuma ya kijiko uangalie. Ukiona punje zinazong'aa, endelea kukoroga. Usitumie mchapo wa kupigia mayai, maana utaingiza povu litakaloganda juu kama sabuni. Chuja.

Sasa hatua ambayo wengi wanairuka: usimimine ikiwa moto. Iweke sufuria ndani ya beseni la maji ya barafu, uikoroge kila baada ya muda hadi iwe baridi na iwe nzito kama krimu yenyewe. Ikimiminwa moto, mafuta hupanda na vitu vizito huzama, asubuhi unapata tabaka mbili, juu nta na chini jeli. Pia bilauri za moto ndani ya friji hutoa jasho linalodondokea juu.

Mimina, funika kila bilauri kwa nailoni, na uipange mbali na samaki. Krimu hunyonya harufu kuliko chochote kilichomo friji. Ukiweka karibu na changu au nguru, wageni watajua. Saa 4 zinatosha kuganda, lakini jelatini huendelea kukaza hadi kama siku nzima, ndiyo maana vipimo hivi nimevipima kwa ya kulala usiku. Ukiila siku hiyohiyo itakuwa laini zaidi.

Nirudi kwenye joto, kwa sababu nadhani ndiko wazo la kuongeza jelatini lilikotokea. Jelatini huanza kulegea kwenye nyuzi 30 hivi, na mchana wa kaskazi hapa hufika 32 au 33. Kuongeza kipimo kunaifanya ngumu ikiwa friji, lakini mezani itayeyuka karibu vilevile. Dawa ni muda na ubaridi. Tumia bilauri za kioo kizito, toa friji wageni wakiwa wameshakaa, na uzipange kwenye sinia lenye barafu iliyopondwa. Bila barafu, hesabu robo saa hivi. Kwa joto hilo chakula cha maziwa kisikae nje zaidi ya saa moja hata kama bado kimesimama.

Umeme ukikatika usiku, usifungue mlango wa friji. Likifungwa hushika ubaridi kama saa 4. Ikilegea lakini bado ya baridi, itaganda tena umeme ukirudi. Ikifika joto la chumba na hujui tangu saa ngapi, mwaga.

Kama mnakula barazani na barafu hakuna, acha jelatini utumie agari, ile ya unga ambayo madukani wengine wanaiita chaina grasi. Hutokana na mwani, kwa hiyo suala la nguruwe halipo. (Si mwani unaolimwa fukweni kwetu, huo hutoa karajinani, kitu kingine.) Agari huganda kwenye nyuzi 35 hadi 40, maana yake huganda mezani kabla hata ya friji, na haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85. Jua la Tanga haliiwezi. Kwa vipimo vilevile tumia kijiko kimoja na nusu cha chai, kama gramu 3. Hii sasa lazima ichemke: ikoroge kwenye maziwa yakiwa bado baridi, yachemshe dakika 2 bila kuacha kukoroga, ndipo utie krimu iliyopashwa moto. Ukitia krimu ya kutoka friji, agari huganda papo hapo ikawa vipande vipande. Na umimine ikiwa bado ya moto, usiipoze kwenye barafu. Ubaya wake ni ulimi: hukatika, haiyeyuki mdomoni kama ya jelatini, na siku ya pili hutoa maji pembeni. Mimi ningeitumia pale tu barafu inapokosekana.

Agari ndiyo inayopatana na tui pia, ukitaka kuondoa krimu. Chukua kasimile (tui zito la kwanza) mililita 500 na tui la pili mililita 400. Chemsha agari kwenye tui la pili, kisha utie kasimile vuguvugu ukiwa umeshaepua, maana kasimile ikichemka hukatika na mafuta yataelea. Sio panna cotta ya Piemonte tena, lakini kwa nazi zetu ni nzuri sana.

Cha juu: karakara (pasheni) 6, sukari vijiko 3 vya chakula, moto mdogo dakika 4, ipoe kabisa. Mimina kijiko kimoja kwa kila bilauri wakati wa kuandaa tu. Usichanganye karakara, ndimu au ukwaju ndani ya maziwa ya moto, yatakatika. Machungwa ya Muheza yafaa pia. Toa vipande bila ngozi nyeupe, uvitandaze juu. Embe likate vipande vidogo dakika ya mwisho.

Na kama utaipindua kwenye sahani, chovya kopo kwenye maji ya moto ukihesabu hadi tano, pitisha ncha ya kisu sehemu moja ya ukingo ili hewa iingie, na sahani uilowanishe kidogo kabla. Ikitua si katikati, unaisogeza bila kuivunja.