Namna ya kusoma takwimu za watu wa kijiji kidogo cha India

Mkuu uliyeuliza jinsi ya kusoma jedwali la watu wa kijiji cha India, tazama kwanza mwaka. Tarakimu za kila kijiji zinazozunguka mtandaoni ni za sensa ya 2011, maana ile ya 2021 iliahirishwa kwa sababu ya korona. Kurasa nyingi huziandika kana kwamba ni idadi ya leo. Pili, hakikisha kijiji chenyewe kwa namba yake ya sensa yenye tarakimu sita. Jina kama Rampur limejaa kaskazini mwa India, na kulitegemea peke yake ni kujitafutia makosa.

Sasa hesabu. Tuseme kijiji kina watu 600: wanaume 318 na wanawake 282. Kati yao watoto wa miaka 0 hadi 6 ni 90, wavulana 50 na wasichana 40. Wanaojua kusoma na kuandika ni 357. Wengi hugawa 357 kwa 600 na kupata asilimia 59.5. Sivyo. Sensa ya India huwatoa kwanza watoto walio chini ya miaka 7, kwa hiyo unagawa kwa 510, unapata asilimia 70.

Uwiano wa jinsia ni wanawake 887 kwa kila wanaume 1,000. India nzima ilikuwa 943. Kwa watoto ni wasichana 800 kwa wavulana 1,000, wakati wastani wa nchi ulikuwa 919 na wa jimbo la Haryana 834. Hapa tuwe waangalifu sana. Kuchagua mtoto wa kiume kabla hajazaliwa ni janga la kweli huko, na sheria ya 1994 ilipiga marufuku kupima mimba ili kujua jinsia. Lakini wangeongezeka wasichana watano tu, 800 ingekuwa 900. Usikihukumu kijiji kimoja kwa watoto 90. Jumlisha vijiji vyote vya tehsil yake, yaani sehemu ya wilaya kilimo kijiji hicho. Pengo likibaki pale pale, hapo una hoja.

Safu za kazi ndizo zinazosomwa vibaya zaidi. Mfanyakazi mkuu ni aliyefanya kazi miezi sita au zaidi katika mwaka uliotangulia. Chini ya hapo huwekwa safu nyingine. Anayelima shamba la kukodi huhesabiwa mkulima. Kibarua wa shambani ni yule anayelipwa ujira, hata kama ni wa nafaka. Halafu kuna wanaohama kwa msimu. Hesabu ilifanyika tarehe 9 hadi 28 Februari 2011, na aliyekuwa mbali siku zote hizo hakuandikwa kwao. Februari ni msimu wa kukata miwa, na familia nyingi za wilaya ya Beed, Maharashtra, huwa mbali kwenye mashamba hayo ya miwa, mume, mke na watoto. Kijiji cha namna hiyo kitaonekana kidogo kuliko kilivyo Julai.

Safu ya SC, yaani tabaka za chini zilizoorodheshwa kisheria, huchukua Wahindu, Masingasinga na Wabudha pekee. Sifuri hapo haimaanishi kwamba hakuna Wadalit, watu wa tabaka hizo zilizotengwa tangu zamani. Wanaweza kuwa Wakristo au Waislamu. Safu ya ST, ya makabila yaliyoorodheshwa, haina sharti la dini.

Ukilinganisha watu wa sensa ya 2001 na ya 2011, linganisha pia eneo la kijiji kwa hekta. Hekta zikitofautiana sana, huenda mipaka ilihamishwa, na ongezeko hilo la watu usilitumie mpaka ujue sababu.