Shangazi, tumzuie baba asiende msituni?

*Shangazi, shikamoo. Baba yangu alipigana vita akiwa kijana, akarudi, akamwoa mama na kutulea sisi watano. Kila alfajiri anasali na kusoma Zaburi, kisha anachukua fimbo yake na kuingia msituni mpaka jua liwe kali. Wajukuu wanajua majina ya ndege kwa sababu yake. Sasa amevuka miaka 70. Mama alifariki mwaka jana na tangu hapo baba halali. Saa nane usiku tunamkuta anapita mlango kwa mlango akikagua makomeo. Msituni nako anakaa sana. Mara mbili amerudi giza limeshaingia. Kaka zangu wanataka ahamie mjini na matembezi yakome. Mimi nilimwomba anisimulie habari za vita kabla hatujachelewa, akanijibu, "Mungu anajua, inatosha." Niliumia. Tumzuie? Na je, nilikosea kumuuliza?*
*Binti wa Kwanza*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa msiba wa mama.

Msimtoe baba msituni. Waambie kaka zako hivyo bila kuzunguka. Mzee aliyefiwa na mke amebakiwa na nyumba yake, sala zake na njia zake. Mkimhamishia mjini mmemnyang'anya viwili kwa mpigo, kisha mtashangaa akidhoofika mbele ya macho yenu, ilhali anakula vizuri na kuangaliwa vizuri.

Kuna Mmarekani mmoja, Earl Shaffer, aliyepigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia kule Pasifiki. Rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye walizoea kupanda milima pamoja, aliuawa Iwo Jima. Mwaka 1948 Shaffer alijitwika mkoba akafuata njia ya milima ya Appalachian kutoka Georgia hadi Maine, zaidi ya kilomita 3,000, akawa wa kwanza kujulikana kuimaliza kwa safari moja. Alisema alitaka kutembea mpaka jeshi limtoke mwilini. Mwaka 1998, akiwa na miaka 79, aliimaliza tena. Namtaja ili kaka zako waone kwamba huenda kile wanachokiita ukaidi wa mzee ndicho kilichomsimamisha baba yenu wima miaka yote hii.

Hata hivyo hofu yao ina msingi. Kabla ya uamuzi wowote kuna swali la kujibiwa: zile siku mbili alizorudi gizani, alipotea au alikaa tu? Mzee aliyekaa chini ya mti akimwaza mkewe mpaka jua likazama anahitaji mwenzi na tochi. Mzee aliyeisahau njia anayoijua miaka na miaka anahitaji daktari wiki hii hii, maana huo unaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Muulize kwa upole, na umwangalie na mengine. Anarudia swali lile lile? Anasahau kama ameshakula? Kama hayo hayapo, yawekeeni matembezi utaratibu: aseme anapita njia ipi, abebe simu yenye chaji na filimbi, na pawe na saa ya kurudi ambayo ikipita mtu anamfuata. Jeshini hakuna anayetoka doria bila kuaga, kwa hiyo hataona kama anadharauliwa.

Sasa huo usiku wake, ambao ndio ulionishika nilipokuwa nasoma barua yako. Mtu anayekagua makomeo saa nane za usiku bado yuko lindo. Haya hayakuanza na baba yako. Mwaka 1915 daktari wa Kiingereza, Charles Myers, aliandika katika jarida la kitabibu kuhusu askari waliopigwa na kishindo cha mabomu wakabaki na upungufu wa kuona na kukumbuka. Ilichukua mpaka mwaka 1980 kwa madaktari wa akili wa Marekani kuliingiza tatizo la kiwewe cha namna hii katika mwongozo wao rasmi kwa jina linalotumika hadi leo. Wanaume wengi wa umri wa baba yako walirudi nyumbani na hakuna aliyewahi kuwauliza wanalalaje.

Utasema, mbona miaka yote alikuwa mzima? Alikuwa na kazi, watoto wa kusomesha, mwili wenye nguvu, na mke. Kazi ikiisha na mwenzi akiondoka, kumbukumbu zilizokaa kimya miaka 40 zinaweza kuinuka. Haina maana kwamba alikuwa anaigiza furaha, wala kwamba imani yake imepungua. Na fikiria hili, mwanangu: huenda mama yenu ndiye aliyekuwa akimshika bega usiku na kumwambia lala, na ninyi mlio chumba cha pili hamkujua.

Kwa hiyo mpelekeni kwa daktari, aelezwe yote mawili, msiba na vita. Ipo tiba ya mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa mambo ya kiwewe, na umri mkubwa haumzuii mtu kufaidika nayo. Msimnunulie dawa za usingizi bila kuandikiwa na daktari. Kwa wazee zinaweza kuleta kizunguzungu, na mzee akianguka anaweza kuvunjika nyonga. Akiweweseka usingizini, usimtikise. Washa taa, simama upande wa miguu, mwite kwa jina mpaka ajue yuko wapi. Na ukimsikia akisema amekuwa mzigo kwenu, au akianza kugawa vitu vyake kama anayeaga, usingoje kesho: usimwache peke yake, mpelekeni hospitali. Kama kuna silaha ndani ya nyumba, iondoke leo.

Pengine mtu wa ibada atamwambia aongeze sala. Huyu mzee anasali kabla jogoo hajawika, aongeze nini tena? Katika hiyo hiyo Zaburi anayoisoma, sura ya 77, kuna mtu anayemlilia Mungu usiku kucha, macho hayafumbi, na amefadhaika kiasi cha kushindwa kusema. Msomeeni hiyo, mkae naye. Kumpeleka kwa daktari hakupingani nayo hata kidogo.

Hapo ndipo ninapolijibu swali lako la pili. Hukukosea kuuliza. Ila jibu lake ulilichukua kama mlango uliofungwa usoni mwako, nami silioni hivyo. Askari anaweza kuwa na mambo aliyoyaona, au aliyoyafanya kwa amri, ambayo hataki yaingie katika kichwa cha binti yake. Amemkabidhi Mungu, na ni haki yake. Wewe omba yale mengine. Nenda naye msituni, mtembee bega kwa bega, maana wazee wengi husema zaidi wasipotazamwa usoni. Muulize walikuwa wakila nini, nani alikuwa akiwachekesha, barua za nyumbani zilifika vipi, viatu vilidumu muda gani. Usimuulize kama aliua, na wajukuu uwaonye wasiulize. Akinyamaza katikati, nyamaza naye. Akikubali, rekodi kwa simu, lakini mwombe ruhusa kwanza.

Asiposema kitu, bado mna cha kuhifadhi. Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa ikikusanya kumbukumbu za askari wake tangu mwaka 2000, na inapokea picha na barua pia, si simulizi za mdomo peke yake. Tafuta picha zake za jeshini, mwombe akutajie waliosimama naye, uandike majina nyuma ya kila picha. Kuwataja wenzake waliokufa ni jambo ambalo wengi wao hulitamani, ila hawaulizwi.

Kaka yako anayesukuma zaidi habari ya kuhama, mwombe aje akae wiki moja hapo nyumbani. Alale chumba cha jirani na baba, alfajiri avae viatu wafuatane msituni, na siku ya daktari awe yeye anayempeleka. Baada ya hapo ndipo mkae kikao cha familia, na baba mwenyewe awepo na aulizwe anataka nini.