Ukitafuta mababu wa Quebec, shika ndoa

Mama mkwe wangu ni wa ukoo wa Beaulieu. Binti yetu alipozaliwa hapa Montreal, nilimtajia mama mkwe mababu zangu saba bila kuvuta pumzi. Yeye akaishia kwa babu yake mzaa baba, akanyamaza. Siku ile nilimwahidi kwamba nitawatafuta wake.

Miezi mitatu ya mwanzo ilipotea bure. Niliwafuata akina Beaulieu kwenye rejista za parokia, kizazi baada ya kizazi, mara wakatoweka. Parokia ni ileile, majirani ni walewale, Beaulieu hakuna. Kumbe walikuwepo muda wote, ila padri aliwaandika Hudon.

Kwenye rejista za zamani utakutana na neno "dit", yaani "aitwaye": Hudon dit Beaulieu, Miville dit Deschênes. Mengine ni majina ya jeshini. Kikosi cha Carignan-Salières, cha jeshi la Ufaransa, kilipowasili mwaka 1665, kilikuwa na askari wa kuitwa Lafleur, Sansoucy, Jolicoeur. Waliobaki na kuoa walibaki na majina hayo pia. Mengine yalitokana na shamba au mahali mtu alikotoka. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kuachana njiani, mmoja akarithisha Hudon na mwingine Beaulieu. Basi kila ukoo upe ukurasa wake kwenye daftari, uandike majina yote mawili, na kila rejista uitafute kwa yote mawili.

Kisha anza na ndoa, usianze na ubatizo. Katika ndoa padri kwa kawaida alitaja wazazi wa bwana harusi na wa bibi harusi, na mama naye kwa ubini wake wa kuzaliwa. Mwanamke wa Nouvelle-France, yaani koloni la Wafaransa la zamani zile, alibaki binti fulani hata akizikwa, kama ilivyo kwetu pwani. Ukipata ndoa moja umepata wazee wanne, na sasa unatafuta ndoa zao. Rejista ikikosekana, tafuta mkataba wa ndoa kwa notari, mwanasheria wa kuandika na kuthibitisha mikataba. Wengi waliufunga siku chache kabla ya kwenda kanisani. Picha za rejista utazikuta bure kwenye tovuti ya nyaraka za taifa za Quebec, BAnQ. Kama jamaa walihamia Marekani kwenye viwanda vya nguo, jaribu na tafsiri ya jina: Boisvert wengine waligeuka Greenwood, Leblanc wakawa White.

Majina ya ubatizo nayo yana mitego. Karibu kila msichana ni Marie na wavulana wengi ni Joseph, kwa hiyo tazama majina yanayofuata, mara nyingi la mwisho ndilo aliloitwa nyumbani. Na kila mtoto utakayempata, pitia pia rejista ya mazishi. Mimi nilishamweka kwenye mti wa ukoo Marie-Geneviève mmoja kuwa bibi yetu. Nilipofungua mazishi nikamkuta, amezikwa akiwa na siku nane. Miaka miwili baadaye, wazazi walewale wanabatiza Marie-Geneviève mwingine. Huyo ndiye aliyekua akaolewa.

Nilimwonyesha mama mkwe kurasa zote mbili. Kwa wa pili alitabasamu. Kisha akaniomba nirudi kwenye ule wa kwanza, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya maneno "siku nane", akasema huyu naye tumwandike.